Tupeni meza, Jumamosi: barua ya wazi kwa wasimamizi wa maktaba na halmashauri

Kwa Mkurugenzi Mkuu na wajumbe wa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania,
Kwa Wakurugenzi wa Halmashauri,
Nakala: Wizara yenye dhamana ya TEHAMA.

YAH: OMBI LA MEZA YA MSAADA WA PROGRAMU HURIA KATIKA MAKTABA ZA MIKOA

Waheshimiwa,

Mimi ni fundi kompyuta wa hapa Morogoro, mwenye kibanda ambacho watu huleta laptopu zao zikishagoma. Siwakilishi chama wala kampuni, na siombi tenda. Ninachoomba ni meza, viti vichache, soketi zenye umeme na mlango wa maktaba uliofunguliwa kila Jumamosi, ili mwananchi anayetumia programu huria, yaani zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia na kuzinakili, apate mahali pa kwenda kuuliza.

Nieleze kilichonisukuma kuandika sasa. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Mwenye kompyuta anaambiwa ahamie Windows 11, lakini hiyo nayo inachagua mashine: inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa prosesa nyingi za Intel inaanzia kizazi cha nane, yaani zile zilizotoka mwaka 2017 kuja mbele. Sasa pitieni maduka ya laptopu za mtumba, Kariakoo au hapa kwetu, msome vibandiko vyake. HP EliteBook 840 G3. Dell Latitude E7450. ThinkPad T460. Hizo ni za kizazi cha tano na cha sita. Ni mashine ngumu, kibodi zake zinapita za laptopu nyingi mpya, na ndizo ambazo mwalimu, karani wa SACCOS na mwanafunzi wa chuo wanazimudu. Upo mwaka mmoja wa nyongeza kwa anayejiandikisha, unaoishia Oktoba 2026. Baada ya hapo kila mtu na lwake.

Kwa sasa wengi wamebaki na Windows 10 ileile. Wengine wanapigiwa Windows 11 kwa ujanja wa kuruka masharti, na mara nyingi nakala yenyewe imechakachuliwa. Huo ndio ugali wa mafundi wengi mjini: "Fundi, nipigie Windows." Mteja analipa, anaondoka, na baada ya miezi kadhaa anarudi na mashine iliyojaa virusi, kwa sababu kile kiprogramu cha kuiamsha Windows bila leseni kilikuja na wageni wake. Analipa tena. Ninachokiomba kwenye barua hii kitapunguza biashara ya namna hiyo, ya vibanda vyote, changu kikiwemo. Nimelisema mapema ili asitokee mtu wa kuniuliza nina maslahi gani.

Njia nyingine ipo na haina ada. Linux ni mfumo wa kuendesha kompyuta unaokaa mahali pa Windows, na matoleo yake kama Linux Mint au Ubuntu yanaingia kwenye EliteBook ya kizazi cha sita bila kuulizia TPM. LibreOffice inaandika barua na kupiga hesabu, Firefox inafungua mtandao, VLC inacheza video za harusi. Programu huria ni ile ambayo kila mtu anaruhusiwa kuitumia, kuinakili, kumpa jirani, na akiwa na ujuzi, kuifumua na kuirekebisha. Wala si ngeni kwenu. Simu za Android zimejengwa juu ya Linux. Takwimu za vituo vya afya, Tanzania na Kenya, zinapita kwenye DHIS2, programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Mradi wa Ramani Huria ulipoanza Dar es Salaam mwaka 2015, wanafunzi wa vyuo vikuu walipita mitaa inayofurika, mfereji kwa mfereji, wakaichora kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya dunia iliyoko mtandaoni.

Ila angalieni nani yuko nyuma ya kazi hizo. DHIS2 ina wahandisi, ina wakufunzi, ina mtu wa kupigiwa simu mkoani. Ramani Huria ilikuwa na wafadhili na vyuo. Mwalimu wa sekondari aliyewekewa Linux Mint na mpwa wake ana nani?

Huyo mwalimu yupo, alikuja kibandani. Mpwa alisharudi chuoni Mbeya. Mwalimu anaipenda mashine yake, haigandi na haimdai leseni, isipokuwa jambo moja: printa ya ofisi ya walimu, HP LaserJet P1102, ile ndogo nyeusi mnayoiona kwenye kila steshenari, haikuchapa. Kompyuta inaitambua, inasema kazi imetumwa, karatasi haitoki. Muhula mzima amekuwa akibeba mitihani kwenye flashi hadi steshenari, analipia kila ukurasa kutoka mfukoni mwake, na mtihani wa kidato cha pili unakaa kwenye kompyuta ya mtu baki kabla haujafika darasani. Dawa yake ni hii. Printa hiyo kwenye Linux haichapi mpaka ipewe kipande cha ziada cha programu kutoka HP chenyewe. Unafungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, unaandika hp-plugin, unakubali masharti, unasubiri kipakuliwe, unatuma ukurasa wa majaribio. Tulimaliza kabla chai haijapoa, na muda mwingi tulikuwa tunasubiri mtandao.

Muhula mzima, kwa amri ya neno moja! Na jirani zake ofisini walishahitimisha kwamba Linux haifai kwa kazi za shule.

Visa vya aina hii ninavyo vingi. Kuna laptopu zenye kadi ya waifai ya Broadcom ambazo hazipati waifai mpaka upakue draiva, yaani kiprogramu cha kuiendesha kadi hiyo, na draiva huwezi kuipakua bila mtandao. Anayejua anachomeka simu kwa waya wa USB, anawasha kushea intaneti, na mashine inapata mtandao palepale. Kuna anayeandika CV kwenye LibreOffice, akafika steshenari jedwali likawa limetawanyika, akadhani programu imemhujumu. Anahitaji kuambiwa mambo mawili tu: kama ni ya kuchapa, toa PDF, kama ni ya kumtumia mtu aihariri, hifadhi kwa mfumo wa Word. Na kama hana Times New Roman, atumie Liberation Serif, ambayo herufi zake zina upana uleule, hivyo mistari haihami. Akionyeshwa mara moja hasahau. Kuhusu printa ya Canon LBP2900 na usumbufu wake kwenye Linux sisemi kitu, maana barua hii ingekuwa kitabu.

Mtaniambia majibu hayo yote yako mtandaoni. Yapo, kwa Kiingereza, na yameandikwa kwa mtu ambaye tayari anajua nusu ya jambo. Yanakula bando. Na yanasomwa kwenye kompyuta, ile ile iliyogoma. Magrupu ya WhatsApp yanasaidia kidogo: mtu anapiga picha ya kioo chenye ukungu saa nne usiku, anapata majibu matano yanayopingana, na moja kati ya hayo litamfutia mafaili yake yote. Aliyelitoa hajulikani anakaa wapi.

Kiswahili nacho hakijasahauliwa. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na Waswidi, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Ilikuwa kazi ya heshima, na ninapowauliza wateja wangu, sijakutana na aliyewahi kuiona. OpenOffice yenyewe ilimeguka mwaka 2010, ikazaliwa LibreOffice. Tafsiri inaishi pale ambapo kuna watu wanaoitumia kila siku, wakikwama wakasema "hapa sielewi", na karibu nao kuna mwenye kuipeleka sauti hiyo kwa watengenezaji. Kikao cha namna hiyo hakipo hapa mjini, na sijakisikia kwingine.

Waheshimiwa, kwenye maji mlishalijua jambo hili. Zamani tulichimba visima, tukakata utepe, pampu ikaharibika, kijiji kikarudi mtoni. Ndipo vikaja vyombo vya watumia maji ngazi ya jamii, na Sheria ya mwaka 2019 iliyoanzisha RUWASA, wakala wa maji vijijini, ikaviweka rasmi: watu wa palepale, wenye spana, wanaojulikana kwa majina. Kwenye kompyuta bado tuko kwenye kukata utepe. Nimeingia chumba cha kompyuta cha shule moja ya kata, sitaitaja. Kompyuta zimefunikwa vitambaa vilivyofumwa, funguo anazo mkuu wa shule, na moja ikiwashwa inapiga mlio na kuzima. Ilikuwa RAM tu, kile kipande cha kumbukumbu cha ndani, imelegea kwenye nafasi yake. Unaichomoa, unaifuta, unairudisha. Waliozileta walileta na cheti, wakapiga picha na wanafunzi, wakaondoka bila kuacha namba ya simu ya mtu yeyote wa wilaya hiyo.

Wako waliofanya vizuri kutuzidi, na si matajiri wa kupindukia. Jimbo la Kerala, kusini mwa India, lilianzisha mpango wa TEHAMA shuleni mwaka 2001, kisha likazihamishia shule zake za umma kwenye Linux. Mwaka 2019 lilikuwa linaweka toleo jipya kwenye kompyuta zaidi ya laki mbili za shule. Wengi wakiisimulia habari hiyo hutaja fedha za leseni zilizookolewa. Mimi kinachonivutia ni kwamba Kerala ilianza na walimu: ilifundisha walimu wakufunzi, wakawafundisha wenzao wa wilaya, hivyo printa ikigoma kuna mwalimu wa shule jirani anayejua. Mwaka 2018 wakaongeza vilabu vya wanafunzi, vinaitwa Little KITEs, ambamo watoto wenyewe wanajifunza kutunza mitambo ya shule na kuwafundisha wazazi. Mtoto wa darasa la tisa anamfundisha mama yake kujihadhari na matapeli wa mtandaoni. Hilo wizara haiwezi kuliagiza kwa waraka.

Upande mwingine kuna Munich, Ujerumani. Jiji lile lilianza safari ya Linux mwaka 2003, likahamisha kompyuta za watumishi kama elfu kumi na tano, na mwaka 2017 madiwani wakapiga kura kurudi Windows. Kisa hicho hutumiwa kuwatisha watu. Siasa ilikuwemo, lakini walioajiriwa kukagua mambo walionyesha kidole zaidi kwenye mpangilio wa huduma ya TEHAMA ndani ya jiji, kuliko kwenye programu zenyewe. Ndiyo hoja yangu, ila kwa Kijerumani.

Kwa nini maktaba? Kwa sababu maktaba ya mkoa ipo, iko mjini, haimwulizi mtu ana shahada gani, na mwanamke anaweza kuingia bila kuzingirwa. Hili la mwisho nalitilia mkazo. Wateja wangu wengi ni akina mama na dada, na wananisimulia wanavyojibiwa kwenye vibanda: anauliza swali, kijana anamnyang'anya kipanya, anabofya mara sita, "tayari dada, elfu kumi." Hajafundishwa kitu. Maktabani desturi ni nyingine, mtu huja kujifunza na aliyepo kazi yake ni kumwelekeza. Mwalimu Nyerere alipofungua Maktaba Kuu ya Taifa mwaka 1967, kusoma ndio uliokuwa mlango wa taarifa. Leo mlango huohuo unapitia kwenye mashine ambayo wengi hawana wa kuwaelekeza.

Meza yenyewe ingefanya kazi hivi. Saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana, kila Jumamosi. Mwenye kompyuta anakaa na kompyuta yake mwanzo hadi mwisho, haiachi, na neno la siri analiandika kwa vidole vyake mwenyewe. Hatushiki mashine kabla mafaili hayajanakiliwa pembeni, na asiye na pa kunakilia anarudi wiki inayofuata. Hakuna kumfutia mtu Windows yake siku ya kwanza: Linux inawashwa kutoka kwenye flashi, anaijaribu, waifai inakubali, printa inakubali, video zinacheza, ndipo aende nyumbani akafikiri. Wengi watabaki na Windows yao, na hata hao tunaweza kuwawekea LibreOffice waachane na Office ya kuchakachua. Mezani hauziwi mtu kitu. Fundi atakayekamatwa akigawa kadi zake za biashara, aondolewe. Naanza na mimi.

Watu wa kukaa pale watapatikana. Hapa Morogoro tuna SUA, tuna Mzumbe, tuna VETA Kihonda. Kila mwaka wanafunzi wa TEHAMA wanahangaika kutafuta nafasi za field, na wakizipata wengi wanaishia kutoa fotokopi na kununua maji ya bosi. Waje mezani, mkutubi awasainie logibuku. Atakayemaliza majuma manane akiwa ametatua printa za watu, ametengeneza mashine zisizowaka na amejifunza kuongea na mama wa miaka sitini bila kumdharau, nitamwajiri mimi. Wanaosomea ukutubi Bagamoyo nao wapewe kipindi cha jambo hili, kwani mwisho wa siku watakaolirithi ni wao.

Kuna jambo dogo la kiufundi litakalowaokolea wananchi fedha. Kompyuta moja ya mezani iliyozeeka, yenye diski kubwa, iwekwe kona ya maktaba ihifadhi masasisho ya Ubuntu na Mint. Yakishapakuliwa mara moja, mashine zote zinazofika zinachota hapo bila kugusa intaneti ya nje. Kwa mtu anayenunua bando la siku, kusasisha mashine mpya kunaweza kummalizia bando la wiki. Kompyuta hiyohiyo inaweza kubeba Kiwix, programu ya kusomea kurasa zilizohifadhiwa, yenye Wikipedia ya Kiswahili nzima, ikasomwa mtandao ukiwa umekatika.

Kuhusu gharama, tafadhali msituitie semina. Semina ina ukumbi, bango, posho na picha ya pamoja, na Jumatatu printa bado haichapi. Nauli ya wanafunzi wawili watatu na maji ya kunywa, basi. Halmashauri zinazotoa mikopo ya asilimia kumi kwa vikundi vya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu ziangalie kama kikundi cha mafundi kinaweza kukopeshwa vifaa vya meza: flashi, diski ya kunakilia, bisibisi. Na shule ikipokea kompyuta, za mfadhili au za serikali, hati ya makabidhiano iwe na mstari wa jina na simu ya mtu wa wilaya hiyo atakayeitikia kwa miaka miwili. Mstari huo ukiwa mtupu, msisaini. Najua kuna watakaoona ni ukorofi kwa anayekupa bure.

Siombi Windows ipigwe marufuku ofisini, wala siombi waraka wa kulazimisha Linux. Waraka utakuja, utatekelezwa kwa haraka, na watu wataichukia programu nzuri kwa kuletewa kwa fimbo. Lakini kumbukeni kwamba tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ofisi inayohifadhi majina, namba za NIDA na picha za wananchi kwenye mashine yenye nakala ya kuchakachua ina swali la kujibu. Meza itakuwa wazi hata kwa watumishi. Waje na nguo za nyumbani kama wanaona aibu.

Waheshimiwa, tuanzie Morogoro kwa miezi sita. Mkutubi awe na daftari: tarehe, aina ya mashine, tatizo, limekwisha au halikwisha, bila majina ya watu. Kila mwisho wa mwezi ukurasa huo ubandikwe kwenye ubao wa matangazo na nakala iende kwa Mkurugenzi wa Manispaa. Mafundi niliozungumza nao wako tayari kupokezana Jumamosi. Tunachosubiri ni barua ya ruhusa na mtu wa kutufungulia. Mwezi wa sita ukifika na daftari likawa jeupe, chukueni meza yenu, nami nitakuja kusaidia kuibeba.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi kompyuta,
Morogoro